Skrini ya pili ni ya ukumbi: jibu kwa kijana wa mitambo, Morogoro

Swali: Shikamoo. Mimi ni kijana ninayejitolea kwenye kitengo cha mitambo kanisani kwetu, Morogoro. Nyimbo na maandiko tunaonesha kwa PowerPoint kupitia projekta. Jumapili iliyopita mchungaji alitaja andiko ambalo halikuwa kwenye orodha. Nikatoka kwenye slaidi nilitafute, na kanisa zima likaona mafaili yangu yote, na ujumbe wa WhatsApp wa dada yangu ukichomoza pembeni. Wiki mbili kabla ya hapo umeme ulikatika katikati ya pambio. Uliporudi, slaidi zilikuwa zimehamia kwenye laptopu, na ukutani ikabaki picha tupu ya Windows. Wenzangu wanasema tuchangishe tununue programu ya kulipia. Kweli shida ni programu? Na mwezi wa nane tuna kongamano, tutakodi ukuta wa LED ambao sijawahi kuugusa. Naomba unielekeze.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na mara ya pili nikaona jambo ambalo huenda wewe mwenyewe hukuliona: matukio yako mawili hayafanani. Siku umeme ulipokatika, ukutani ilibaki picha tupu ya Windows, bila faili hata moja, na slaidi zikawa kwenye laptopu. Hiyo ni dalili ya skrini mbili zilizotenganishwa, hali ambayo Windows inaiita Extend. Jumapili iliyopita kanisa liliona mafaili yako na ujumbe wa dada yako. Hiyo ni dalili ya skrini mbili zinazoonesha kitu kimoja, yaani Duplicate. Kwa hiyo katikati ya siku hizo mbili kuna mtu alibadilisha.

Ningekuwa hapo ningeuliza: umeme uliporudi na slaidi zikakataa kwenda ukutani, nani alibonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, akachagua Duplicate, picha ikarudi na kila mtu akashusha pumzi? Simlaumu. Watu wamegeuka kutazama nyuma, kiongozi wa sifa amesimama na maiki mkononi, mtu atabonyeza chochote kinachorudisha maneno ukutani. Ila Windows hukumbuka chaguo la mwisho kwa projekta ileile. Jumapili iliyofuata mkachomeka waya, laptopu ikaendelea na Duplicate kimyakimya, hadi mchungaji alipotaja lile andiko.

Basi jibu la swali lako la kwanza ni kwamba shida si programu. ProPresenter na EasyWorship, programu za kuonesha nyimbo na maandiko ibadani, ni nzuri, nimefanya nazo kazi, na zinalipiwa. Lakini mkiziendesha kwenye Duplicate hazitawasaidia kitu. Kwenye Duplicate, kompyuta inahesabu skrini moja tu. Programu haina mahali pa kuweka maneno ya waumini mbali na vitufe vyako, kwa hiyo ama maneno yatafunika vitufe usiweze kufanya kazi, ama vitufe vyote vitaonekana ukutani. Kwenye Extend kompyuta inahesabu skrini mbili, ya kwako na ya ukumbi, jikoni na sebuleni. Mgeni aliyeketi sebuleni anapokea sahani iliyopangwa. Haoni ulivyopangusa jasho wala mwiko ulivyoanguka. Duplicate inamleta mgeni jikoni.

Anza hivi, siku ya Jumamosi, kanisa likiwa tupu. Chomeka projekta, bonyeza Windows na P, chagua Extend. Fungua mipangilio ya Display na ubonyeze Identify. Namba kubwa itatokea kwenye kila skrini ujue ipi ni ipi. Hakikisha skrini kuu ni ya laptopu. Hapohapo utaona vijumba viwili vinavyowakilisha skrini zako. Kwa kawaida vinakaa ubavu kwa ubavu, na hiyo ndiyo sababu mshale wa kipanya hupotea: unausogeza kulia kidogo tu, tayari uko ukutani, unatembea juu ya jina la Yesu mbele ya watu mia tatu. Kiburute kijumba cha projekta hadi kiguse cha laptopu kwa pembe tu, kona kwa kona. Mshale hautakuwa tena na njia isipokuwa kwenye kale katundu ka pembeni, na hautavuka kwa bahati mbaya.

Kisha ingia PowerPoint, menyu ya Slide Show. Kwenye Monitor pameandikwa Automatic. Usiache hivyo, chagua skrini ya projekta wewe mwenyewe, halafu weka tiki kwenye Presenter View. Ukianzisha onesho, ukumbi utaona slaidi tupu, na wewe kwenye laptopu utaona slaidi ya sasa, inayofuata, saa, na maelezo uliyojiandikia. Ikitokea zimebadilishana, yaani vitufe viko ukutani na slaidi iko kwako, usichomoe waya. Juu ya Presenter View kuna Display Settings, ndani yake kuna chaguo la kubadilishana, na yanakwisha kwa mbofyo mmoja.

Sasa nikupe jambo ambalo mimi nalithamini kuliko programu yoyote. Tengeneza picha nyeusi tii, hata kwa Paint. Kwenye mipangilio ya picha ya mandharinyuma ya Windows, bonyeza picha hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uiweke kwa skrini namba 2 peke yake. Halafu nenda kwenye mipangilio ya taskbar, uzime ile ya kuonesha taskbar kwenye skrini zote. Umeelewa nimefanya nini? Siku PowerPoint itakapofungwa ghafla, au onesho litakapokataa kurudi baada ya umeme, ukumbi utaona weusi. Weusi haumshtui mtu. Waumini watadhani umezima kwa makusudi wakati wa maombi. Wewe utakuwa na nusu dakika ya kurekebisha bila macho ya kanisa zima mgongoni. Nilijifunza hili baada ya semina moja ukumbini ambapo picha ya familia ya mtu ilikaa ukutani dakika nne nzima, wakati mgeni rasmi anasubiri. Mwenye laptopu alikuwa kijana kama wewe, mikono ikimtetemeka hata akawa hapati kitufe. Tangu siku hiyo kila laptopu ninayoiandaa naipa skrini ya pili nyeusi kabla sijafungua kitu kingine.

Kuhusu ujumbe wa dada yako: ukiwa kwenye Extend, jumbe huchomoza kwenye skrini kuu, yaani ya kwako, kwa hiyo ukumbi hautauona. Lakini utausikia. Mlio wa ujumbe unapita kwenye waya uleule wa sauti unaokwenda kwenye mikseri, na spika zenu hazitofautishi mlio wa WhatsApp na kinanda. Fungua akaunti nyingine kwenye laptopu hiyohiyo, iite Ibada, na ndani yake kusiwe na WhatsApp, kusiwe na barua pepe, kusiwe na chochote zaidi ya kazi ya madhabahuni. Hapohapo weka laptopu isilale na isizime skrini, na sasisho za Windows zisimamishwe hadi Jumatatu.

Tuje kwenye umeme, maana huo hatuuongozi. Projekta inapowaka hujitambulisha kwa laptopu kupitia waya uleule wa HDMI: mimi ni kifaa fulani, napokea pikseli, yaani nukta za picha, kadhaa kwa kadhaa. Utambulisho huo unaitwa EDID. Umeme ukikatika, laptopu yako inabaki hai kwa betri yake, lakini projekta nyingi hunyamaza. Laptopu inaona skrini ya pili haipo, kama vile umechomoa waya, na inafanya jambo la busara kwa upande wake: inakusanya kila kilichokuwa kule na kukileta kwako. Umeme ukirudi, Windows huirudisha skrini ya pili, lakini si kila mara onesho linarudi nayo. Ndicho kilichokupata.

Dawa ya kwanza ni zoezi, na haina gharama. Jumamosi hiyohiyo anzisha onesho, mwambie mwenzako azime swichi ya projekta ukutani bila kukupa taarifa. Subiri iwashwe, kisha fanya kwa mpangilio huu: Windows na P, tazama kama bado ni Extend, Esc kulifunga onesho lililokwama, Shift na F5, onesho linaanza upya kutoka kwenye slaidi uliyokuwa, si ya kwanza. Rudia mara tano. Mpokezane. Kila anayekaa kwenye kiti hicho afanye mpaka vidole vijue vyenyewe, na marufuku mtu yeyote kugusa Duplicate hata kama mzee wa kanisa anakuja mbio.

Dawa ya pili ni kifaa kidogo, kama kichwa cha waya, kinachokaa kati ya laptopu na waya wa HDMI. Kazi yake ni kuendelea kuiambia laptopu kwamba skrini ipo, hata projekta ikizimika. Mafundi wanakiita emuleta ya EDID. Ukiwa nacho, umeme ukikatika slaidi hazihami kabisa. Projekta ikiwaka tena inakuta maneno yako palepale.

UPS, ile betri inayoshika umeme ukikatika, ni ya tatu, na hapo uwe mwangalifu. Projekta ya taa ya kawaida hula kama wati 250 hadi 350. UPS ndogo ya VA 650 uwezo wake kwa kawaida ni chini ya wati 400, kwa hiyo inafanya kazi ukingoni na itakupa dakika chache tu. Kwa makanisa yanayosubiri jenereta iwashwe, dakika hizo chache zinatosha, ila chukua ya VA 1000 au zaidi. Faida yake kubwa ni kuiokoa taa: taa iliyozimika ikiwa ya moto mara nyingi hukataa kuwaka tena hadi ipoe, na feni ikiwa imezimika nayo, joto lote linabaki ndani. Msiiweke laptopu kwenye UPS hiyo. Ina betri yake.

Sasa lile andiko la ghafla. Ukiwa kwenye Extend, kosa la Jumapili iliyopita haliwezi kutokea, kwa sababu kutafuta kwako kunafanyika kwenye skrini yako. Lakini bado kuna njia nzuri na mbaya. Mchungaji akitaja andiko, usifunge onesho. Bonyeza B, ukumbi unakuwa mweusi. Ukiibonyeza tena, slaidi inarudi. Au acha wimbo uliopo ukae, si dhambi. Nenda kwa Alt na Tab kwenye dirisha la kuhariri, ongeza slaidi mwishoni kabisa, bandika mstari, tazama namba yake. Rudi kwenye Presenter View, andika namba hiyo, bonyeza Enter. Umefika. Njia hiyohiyo inakufaa kwaya ikirudi ubeti wa pili bila kukuambia: namba, Enter. Chapisha orodha ya namba za beti na uibandike mezani kwa gundi ya karatasi, upande wa kulia wa laptopu.

Lakini nitakuambia ukweli, hapa ndipo PowerPoint inapochoka. Imetengenezwa kwa mtu anayejua mapema atasema nini, na ibada haiendi hivyo. Mchungaji anayehubiri kwa moyo hutaja maandiko sita ambayo hakukupa. Programu za ibada zina sehemu mbili: ya kuandaa, na ya kilicho hewani. Unatafuta Yohana 15 upande wa kuandaa, unasoma kama ndiyo yenyewe, na ni ukibofya tu ndipo inakwenda ukutani. Tofauti hiyo ndogo inampa opereta utulivu wa ajabu. Msichangishe pesa bado. Pakua OpenLP, ni ya bure, msimbo wake uko wazi, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Inapokea Biblia za miundo kadhaa, ikiwemo ile rahisi ya CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, na nyimbo unaziingiza mara moja tu, kisha unazipata kwa kuandika neno moja la ubeti wowote. Miezi mitatu mkiitumia mtajua mnachokosa, na mkiona kuna haja ya kulipia mtakuwa mnalipia kitu mnachokijua. Ukiifungua mara ya kwanza, ingia kwenye mipangilio yake ya skrini, uichagulie projekta.

Niseme neno kuhusu maandishi yenyewe, kwa sababu nimeona makanisa mengi yenye mitambo mizuri na maneno yasiyosomeka. Violezo vingi vimepimwa kwa Kiingereza, chenye maneno mafupi. Sisi tuna "anayetuwezesha", tuna "yasiyohesabika", neno moja linakula nusu ya mstari. Ukimwaga ubeti kwenye kiolezo cha namna hiyo, programu inafanya moja kati ya mawili: inapunguza herufi mpaka bibi wa kiti cha nyuma asione, au inakata mstari popote inapotaka. Chukua sentensi kama hii: "Tunakushukuru Bwana kwa mema yasiyohesabika uliyotutendea." Programu ikiiachia "kwa" mwisho wa mstari na "mema" kuanza mstari wa chini, utasikia kanisa likisita pale. Kata wewe mwenyewe, pale mwimbaji anapovuta pumzi: Tunakushukuru Bwana, chini yake, kwa mema yasiyohesabika, chini yake, uliyotutendea. Mistari mitatu, mwisho minne kwa slaidi. Zima ile tabia ya kupunguza herufi yenyewe. Kama ubeti hauenei, ufanye slaidi mbili, na ubadilishe slaidi kabla ya neno la mwisho, si baada yake, ili macho yawahi kufika mbele ya sauti. Hii kazi ya kukata mistari inachosha, najua. Ifanye hata hivyo, wimbo kwa wimbo. Ndiyo inayotofautisha kanisa linaloimba na kanisa linalosoma.

Angalia pia umbo la picha. PowerPoint tangu toleo la 2013 huanza na slaidi pana, 16 kwa 9. Projekta nyingi za makanisani bado ni za 1024 kwa 768, ambayo ni 4 kwa 3. Slaidi pana kwenye projekta hiyo inatumia mistari 576 kati ya 768, yaani robo ya mwanga mliolipia inabaki mistari myeusi juu na chini. Soma uwezo wa asili wa projekta yenu, si yale maandishi ya boksi kwamba "inapokea 1080p". Kupokea ni jambo moja, kuonesha ni jingine. Ikiwa ni ya 4 kwa 3, badilisha slaidi zote ziwe hivyo. Na kwa kuwa Morogoro madirisha yenu bila shaka yako wazi asubuhi, jaribu maandishi meusi juu ya mandhari nyeupe au ya maziwa. Maandishi meupe kwenye weusi hupendeza usiku wa mkesha, lakini jua la saa nne hugeuza weusi wa projekta kuwa kijivu.

Sauti: ukichomeka HDMI, Windows mara nyingi huhamishia sauti kwenye projekta. Video inacheza, midomo inakwenda, kwenye spika kimya. Bofya alama ya spika, chagua njia inayokwenda kwenye mikseri, na ufanye hivyo kabla ya kufungua programu, maana nyingine hushika njia ya sauti zinapofunguka na hazibadiliki tena. Ukisikia mvumo unaokoma ukichomoa chaja, omba fundi sauti wenu aweke DI, kisanduku kidogo cha kukata mvumo huo, kati ya laptopu na mikseri.

Waya nitaupita haraka. HDMI ya kawaida ikizidi mita 10 huanza kupepesa au kupotea kabisa, hasa ya bei rahisi. Usiunge nyaya mbili kwa kiungio. Tumia vifaa viwili vya kupitisha HDMI kwenye waya wa mtandao wa Cat6, au HDMI ya nuru, inayopitisha picha kwa mwanga badala ya shaba. Hii ya nuru ina mwelekeo: kichwa kimoja ni cha laptopu na kingine cha projekta, na ukiigeuza haifanyi kazi hata kidogo. Iweke alama ya tepu ya rangi kabla ya kuipitisha darini.

Kwa ukuta wa LED, hapa nataka ukae chini usome polepole, kwa sababu ukuta huo si projekta kubwa. Umejengwa kwa vibao, na kila kibao kina idadi yake ya pikseli. Kibao kinachokodishwa sana ni cha nusu mita kwa nusu mita chenye nafasi ya milimita 3.91 kati ya nukta na nukta. Kimoja kina pikseli 128 kwa 128. Ukikodi ukuta wa mita 4 kwa 2, ni vibao 8 kwenda upana na 4 kwenda juu, yaani pikseli 1024 kwa 512. Tazama namba hizo: ukuta mkubwa kuliko mlango wa kanisa, lakini pikseli zake ni chache kuliko za laptopu yako. Na umbo lake ni 2 kwa 1, si 16 kwa 9.

Laptopu yako itatuma 1920 kwa 1080 kwenye prosesa ya ukuta, kile kisanduku kinachopokea picha na kuigawa kwa vibao, na prosesa itaamua la kufanya. Ikiachwa ioneshe pikseli kwa pikseli, utaona robo tu ya slaidi, ile ya juu kushoto. Ikiambiwa inyooshe picha ijaze ukuta, nyuso za watu zitapanuka. Ikiambiwa ihifadhi umbo, kutabaki nafasi tupu pembeni. Njia safi ni hii: tengeneza slaidi za kongamano kwa ukubwa wa kujipangia, inchi 20 kwa 10. PowerPoint itazionesha katikati ya skrini ya 1920 kwa 1080 zikiwa na mstari mweusi wa pikseli 60 juu na 60 chini. Mwambie fundi wa ukuta achukue sehemu ya katikati, 1920 kwa 960, na aipunguze ijae ukuta. Akiwa anaijua kazi yake atakuelewa kabla hujamaliza sentensi.

Beba na slaidi moja ya majaribio: fremu nyembamba ya rangi nyekundu pembezoni kabisa, duara kubwa katikati, na maneno ya ukubwa tofauti ndani yake. Ikiwekwa ukutani, tazama. Upande wa fremu ukikosekana, picha imekatwa. Duara likiwa kama yai, picha imenyooshwa. Na yale maneno yatakuonesha herufi ipi inasomeka. Slaidi hiyo yenye kimo cha inchi 10 ikipunguzwa hadi pikseli 512, herufi za ukubwa wa 20 zinabaki na pikseli 14 hivi kutoka juu hadi chini, na zile zenye mikia myembamba, kama za Times New Roman, zinavunjika. Tumia herufi nene, zisizo na mikia. Mandhari iwe ya giza. Ukuta wa LED unatoa mwanga wenyewe, na slaidi nyeupe usiku itawaumiza macho walioketi mbele na kumfanya mhubiri aonekane kivuli kwenye kamera.

Kwenye kongamano mtakuwa na wasemaji wanaokuja na laptopu zao. Usikubali waya uchomolewe kutoka kwenye mashine yako hata mara moja. Unajua sasa kinachotokea skrini ya pili ikipotea. Weka swichi ya HDMI mezani, laptopu yako iingie namba 1, ya wageni namba 2. Swichi za kawaida huzima picha sekunde moja au mbili zinapobadilisha. Mkiweza kukodi swichi ya video ya aina ya ATEM Mini, kina viingilio 4 vya HDMI na hakikatizi picha, na kamera zenu zinaweza kuingia humohumo. Waombe wasemaji watume mafaili siku moja kabla, uyafungue kwenye mashine yako, utazame fonti na video. Na uwe na adapta ya USB-C mfukoni, ukikumbuka kwamba si kila tundu la USB-C hutoa picha. Laptopu ya mgeni ikigoma, usibishane nayo jukwaani, chukua faili lake kwa flashi.

Kabla ya kusaini mkataba wa ukuta, muulize mwenye mitambo mambo matatu kwa maandishi: pikseli ngapi kwa upana na kimo, prosesa inapokea nini, na nani atakaa nayo muda wote wa kongamano. Akikutumia namba, niletee pamoja na aina ya laptopu yenu, nikutengenezee ile slaidi ya majaribio kwa kipimo cha ukuta wenyewe, uwe nayo kabla gari la vibao halijafika uwanjani.